Muulize Mkadiriaji: Kioo kiko wapi, na kitatoka lini?

Toleo lililopita niligusia kwamba kioo ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote katika hesabu za jengo. Mkadiriaji majenzi atakuandikia nondo hadi kilo ya mwisho na saruji hadi mfuko wa mwisho, lakini akifika kwenye vioo anaandika "madirisha, jumla" na kufunga daftari. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilizowahi kupata kwa mada nzima. Nimechagua hizi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inazibeba nyingine, kwa hiyo wenye haraka wavumilie kidogo.

SWALI: Shikamoo Mama Mkadiriaji. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya mipango na mazingira. Msimamizi wangu ameniagiza nikadirie kioo chote kilichomo matumizini nchini, na kiasi gani kati yake kinaweza kurejelezwa. Kila nikikaa kuanza naona kazi haina kichwa wala miguu. Nianzie wapi? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwenye uzito. Kioo cha kawaida, kiwe cha dirisha au cha chupa, kina takriban kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Maana yake ni kwamba mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ni kilo 2.5. Dirisha la milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba, la milimita 6 ni kilo 15. Ukishapata eneo na unene, tani zinakuja zenyewe, na huhitaji mizani yoyote.

Kisha kuna njia mbili za kuhesabu, nami nakushauri uzipite zote mbili hata kama msimamizi ameomba moja.

Njia ya kwanza inatoka juu. Unachukua kioo kilichotengenezwa nchini mwaka hadi mwaka, unaongeza kilichoingizwa, unatoa kilichouzwa nje, unatoa na kile kilichokwisha kutupwa. Kinachobaki ndicho kilichomo matumizini. Takwimu za kuingia na kutoka ziko forodha, na mfumo wa kuainisha bidhaa ambao forodha karibu zote duniani zinautumia tangu mwaka 1988 umekiweka kioo katika Sura ya 70. Namba 7005 ni kioo bapa cha kiwandani, 7007 ni kioo cha usalama kama cha magari, 7008 ni vioo viwili vilivyounganishwa na nafasi katikati, 7009 ni vya kujitazamia, 7010 ni chupa na mitungi. Hata vipande na taka za kioo vina namba yao, 7001.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakajumlisha na kupiga mstari. Wewe usipige mstari bado, kwa sababu kioo kingi huingia nchini kwa jina la kitu kingine. Chupa tupu iko 7010, lakini ikiingia na kinywaji ndani imeandikwa Sura ya 22, kama kinywaji. Dirisha lililokuja na fremu yake ya alumini liko 7610 pamoja na milango. Gari liko Sura ya 87 na vioo vyake vyote. Paneli ya umeme wa jua imekaa 8541, jirani na vifaa vya elektroniki. Nchi inayoagiza zaidi ya inavyotengeneza inaweza kuwa na kioo kilichofichika kuliko kile kilichoandikwa wazi, na ripoti isiyokitafuta haina thamani ya karatasi yake.

Njia ya pili inatoka chini: unahesabu vitu, unazidisha kwa kioo kilichomo katika kila kimoja. Idadi ya nyumba utaipata kwenye sensa, magari kwenye usajili. Kinachokosekana karibu kila mahali ni kioo kwa kila kitu, na hicho hakipatikani mezani. Gari dogo la abiria hubeba takriban kilo 30 za kioo, hilo unaweza kulianzia. Nyumba ndizo zenye kazi. Tafadhali usichukue wastani wa utafiti wa nchi nyingine ukaubandika kwenye nchi yako. Zigawe nyumba kwa umri na kwa aina, chagua chache kwa bahati nasibu katika kila kundi, kisha nenda na futi ukapime.

Eneo ni rahisi. Unene ndio unaodanganya, kwa sababu ukingo wa kioo umejificha ndani ya fremu na mwenye nyumba atakuambia namba yoyote ili uondoke. Washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kwa mshazari, tazama taa zinazorudi. Kila uso wa kioo unarudisha taa yake: kioo kimoja kinakupa taa mbili, moja ya uso wa mbele na moja ya uso wa nyuma, na kadiri kioo kilivyo kinene ndivyo taa hizo zinavyoachana. Ukiwa na kipande cha milimita 4 na cha milimita 6 mfukoni kwa kulinganisha, hutakosea mara nyingi. Ukiona taa nne, hapo kuna vioo viwili vyenye nafasi katikati. Na ikiwa moja kati ya hizo nne ina rangi tofauti na wenzake, kuna utando mwembamba wa metali uliopakwa kuzuia joto lisipite. Andika hayo yote kwenye fomu. Leo yanaonekana kama madoido, lakini siku ya kurejeleza ndiyo yatakayoamua kioo kiende wapi.

Sasa nije mahali ambapo makadirio mengi huangukia. Tuseme, kwa mfano tu, nchi ina nyumba milioni 5, kila moja na mita 6 za mraba za kioo cha milimita 4. Hiyo ni mita milioni 30 za mraba, sawa na tani 300,000. Tuseme tena nchi hiyohiyo ina watu milioni 20, kila mtu anatumia chupa 20 za kutupa kwa mwaka, kila chupa gramu 250. Hizo ni tani 100,000 kwa mwaka. Lakini chupa haikai. Ikiwa kati ya kununuliwa na kutupwa inapita miezi mitatu, basi siku yoyote utakayohesabu utakuta matumizini tani 25,000 tu za chupa. Madirisha ni mara kumi na mbili ya chupa.

Ukiishia hapo utamwambia waziri awekeze kwenye madirisha. Subiri. Dirisha linaishi, tuseme, miaka 40. Ugawe tani 300,000 kwa miaka 40, utapata tani 7,500 zinazotoka kwa mwaka. Tena hizo ni nyingi kuliko hali halisi, maana katika nchi ambayo bado inajenga kwa kasi nyumba nyingi ni changa na vioo vyake havijafikia umri wa kutoka. Chupa zinatoka tani 100,000 kila mwaka. Chupa zilizokuwa sehemu ya kumi na mbili ya madirisha kwenye hazina zimekuwa zaidi ya mara kumi na tatu ya madirisha kwenye taka. Namba nimezibuni mimi ili hesabu iwe nyepesi, lakini sura ya matokeo utaikuta karibu popote: madirisha yanatawala kilichopo, chupa zinatawala kinachotoka. Ripoti inayotoa jumla moja ya "kioo nchini" bila kusema kinatoka lini imemaliza nusu ya kazi, na ni ile nusu rahisi.

Kuhusu umri wa kuishi, usiviue vioo vyote vya mwaka mmoja kwa siku moja. Madirisha ya 1990 hayatatoka yote 2030. Machache yatavunjika mapema, mengi yatatoka kati, mengine yatakaa hadi wajukuu. Wakadiriaji hutumia mgawanyo wa Weibull, yaani fomula ya kutawanya umri wa vitu kuanzia vinavyowahi kutoka hadi vinavyochelewa, uliopewa jina la mhandisi wa Sweden Waloddi Weibull, aliyeandika makala yake maarufu juu yake mwaka 1951. Fomula ina namba mbili za kuchagua tu, na kompyuta yoyote inaimudu. Msimamizi wako atapenda kurasa za fomula, basi mpe. Ila jaribu pia kubadilisha umri wa dirisha kutoka miaka 40 hadi 30 na uone jibu linavyoruka, maana umri ndio unaolitikisa jibu kuliko kitu kingine chochote, ilhali hapo ndipo watu hukisia kwa wepesi.

Ukimaliza linganisha njia mbili. Zikiachana kidogo, toa masafa, yaani kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani, si namba moja yenye desimali. Ya juu ikiwa mara mbili ya ile ya chini, kuna kitu hukukihesabu: maofisi, hoteli, mabasi, maduka yenye kuta za kioo. Ya chini ikizidi, rudi forodha ukatafute kilichojificha.

Na uwezo wa kurejeleza upunguze hatua kwa hatua, kila hatua na sababu yake. Kilichopo, kinachotoka mwaka huu, kinachokusanywa, kinachobaki baada ya kuchambuliwa, kisha kile ambacho tanuri lililopo linaweza kukipokea. Kwenye mfano wetu, ukikusanya nusu ya chupa una tani 50,000. Uchambuzi ukitupa sehemu ya tano, una tani 40,000. Ulianza na tani 325,000 za kioo matumizini. Zote ni namba za kweli kwa nchi hiyo ya kubuni, lakini ya kupeleka kiwandani ni ile ya mwisho.

Tanuri nalo lina tabia zake. Tanuri la chupa la ukubwa wa kawaida huyeyusha tani 200 hadi 300 kwa siku na halizimwi: linawaka usiku na mchana kwa miaka kumi au zaidi mpaka matofali yake yachoke. Zile tani 7,500 za madirisha zingelilisha kwa mwezi mmoja hivi. Kama tanuri liko mbali sana, tani nzuri zilizochambuliwa zinaweza kukaa uwanjani zikingoja lori ambalo halimlipi mtu yeyote. Kioo ni kizito na thamani yake kwa kilo ni ndogo. Umbali uuweke kwenye hesabu, usiuache kwenye sura ya mapendekezo.

SWALI: Kila tangazo linasema kioo kinarejelezeka asilimia mia moja, tena bila mwisho. Kama ni kweli, mbona wewe unaandika kana kwamba kuna shida? (Msambazaji wa vinywaji)

JIBU: Ndugu yangu, kemia sina ugomvi nayo. Kioo cha chupa na cha dirisha ni mchanga, magadi na chokaa. Silika, ndiyo ule mchanga, peke yake ni asilimia 70 hivi na ushee. Ukikiyeyusha unapata kioo kilekile, hakichoki kama karatasi ambayo nyuzi zake hufupika kila ikirejelezwa. Na faida ni za kweli. Kila asilimia 10 ya vipande unavyoongeza kwenye mchanganyiko hupunguza nishati ya tanuri kwa asilimia 2.5 hadi 3. Tani moja ya vipande inashika nafasi ya tani 1.2 hivi za malighafi, kwa kuwa magadi na chokaa vinapopashwa moto hutoa kaboni dioksaidi inayopaa ikapotea, wakati kipande cha kioo kilishaipoteza zamani, siku kilipotengenezwa mara ya kwanza.

Matangazo hayasemi habari ya kikombe. Kauri haiyeyuki kwenye joto la tanuri la kioo, ambalo ni nyuzi 1,500 hivi. Inabaki punje, inaingia kwenye ukuta wa chupa mpya, na kwa kuwa inatanuka na kusinyaa tofauti na kioo kinachoizunguka, chupa inapasuka palepale, pengine ikiwa imeshajazwa. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012, inayoamua lini vipande vya kioo viache kuhesabiwa kuwa taka, inadai mawe, kauri na mfano wake viwe chini ya gramu 100 kwa tani, kwa vipande vinavyozidi milimita moja. Chukua kikombe cha kauri cha gramu 250 kikavunjikia ndani ya pipa la chupa. Kimetosha kuchafua tani mbili na nusu. Chuma kisizidi gramu 50 kwa tani, metali nyingine gramu 60. Vifuniko vya alumini ni wabaya kwa namna yao: ndani ya tanuri alumini hunyang'anya silika oksijeni yake, na kinachobaki ni vishanga vya silikoni vilivyokwama ndani ya kioo.

Halafu kuna kioo kinachofanana na cha chupa kwa macho tu. Bakuli la kuokea na chupa za maabara hutengenezwa kwa aina yenye boroni ndani yake, ambayo Otto Schott aliibuni huko Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Inayeyuka kwa shida zaidi. Bamba la juu la jiko la umeme ni baya kuliko hilo, kwa sababu haliyeyuki vizuri kabisa ilhali kwa macho huwezi kulitofautisha na kioo cheusi. Viwanda vikubwa vya kuchambua vina mashine zinazolitambua kwa miale. Mchambuaji mwenye glavu hana miale.

Rangi nayo inakula sehemu yake. Tanuri la chupa za kijani linaweza kupokea vipande kwa zaidi ya asilimia 80 na halilalamiki. Chupa nyeupe hazivumilii, kijani au kahawia kidogo tu inaonekana. Ukikusanya rangi zote pipa moja umeshaamua, bila kujua, kwamba mazao yako yatakuwa chupa za kijani, na kama hakuna anayezihitaji umeshaamua kwamba yatakuwa kifusi.

Kwa hiyo "asilimia mia moja" inahusu kipande safi kilichokwisha kufika mdomoni mwa tanuri. Kwa nchi nzima, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2018 chupa na mitungi ya kioo iliyorejelezwa kule ilikuwa asilimia 31.3, na Marekani haikosi matanuri. Ukikutana na asilimia ya juu sana ya nchi yoyote, uliza ni asilimia ya kilichokusanywa au ya kilichoingia tanurini. Watu huzichanganya, wengine kwa makusudi.

SWALI: Mama, mimi ni fundi vioo. Karakana yangu imejaa vipande: vya madirisha, vioo vya mbele vya magari, vya kujitazamia, hata televisheni za zamani. Naweza kuvichanganya na chupa vikaenda pamoja? (Fundi)

JIBU: Hapana, fundi, lakini una mali kuliko unavyodhani. Vipande vya kukatia madirisha, vile vinavyobaki mezani baada ya kisu, ni vizuri kuliko kioo kingine chochote katika mji wowote: rangi moja, havina kifuniko, havina lebo. Viweke peke yake kwenye pipa lenye mfuniko, usivimwage chini maana changarawe moja itavipunguzia heshima yote. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile kinachopasuka vipunje, nacho kemia yake ni ileile ya dirisha. Huwezi kukikata tena, ila tanuri halijali.

Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vya milimita 2 hivi vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Utando huo ndio unaokuokoa uso wakati wa ajali, na ndio unaohitaji mashine ya kusaga na kuutenganisha. Vya kujitazamia vina rangi na metali mgongoni, viweke kando. Televisheni za mgongo mrefu usizivunje kabisa: sehemu ya nyuma ya kioo chake ina risasi, ile metali yenye sumu, karibu robo ya uzito kwenye baadhi ya sehemu, na chupa ya kinywaji haitakiwi kuijua risasi. Taa ndefu za mirija zina zebaki. Hizo mbili ni za mkusanyaji wa taka hatari, si zako wala si zangu.

SWALI: Chupa zinazorudishwa kiwandani kuoshwa na kujazwa tena, unazihesabu kama zimerejelezwa? (Msomaji)

JIBU: Sizihesabu, na wanaozihesabu wanapandisha asilimia zao kwa ujanja. Chupa ya gramu 400 iliyozunguka mara 25 imetumia gramu 16 za kioo kila ilipojazwa. Hakuna tanuri linaloweza kushindana na hilo. Lakini kwenye daftari la urejelezaji chupa hiyo inaingia mara moja tu, siku inapovunjika au kuchakaa mpaka kiwanda kikaikataa. Nchi yenye chupa nyingi za kuzunguka itaonekana na kioo kingi matumizini na kidogo kinachotoka, na mtu asiyejua atasema inazembea kurejeleza. Ningependa nchi ionekane hivyo. Tena chupa zinazokataliwa kiwandani zimeshakusanywa mahali pamoja, zimeoshwa, rangi zake zinajulikana. Mwanafunzi wetu wa juu azitafute hizo kwanza.

SWALI: Tunabomoa jengo letu la ghorofa nne kupisha jipya. Mkandarasi anasema kutoa vioo kwanza ni kupoteza muda. Ana haki? (Katibu wa kamati ya ujenzi)

JIBU: Ana haki kwa mujibu wa ratiba yake. Kijiko cha mashine ya kubomolea kikishalalia ukuta, kioo kinachanganyika na zege, plasta na vigae vya sakafu, na umeshasoma juu hapo gramu 100 za kauri zinafanya nini. Kioo hicho hakitoki tena kwenye kifusi. Kwa hiyo kama kinatolewa, kinatolewa kabla.

Kabla ya kubishana naye, pima. Jumla ya mita za mraba mara unene mara 2.5, hesabu ya dakika chache ukiwa na michoro ya jengo. Tuseme mna mita 400 za kioo cha milimita 6: hizo ni tani 6. Kama zipo, na mnunuzi yupo, muandikie kwenye mkataba kwamba vioo vinatolewa na fremu zake, vinashushwa, na vinavunjiwa ndani ya kontena safi lenye sakafu ya chuma. Fremu za alumini zenyewe zitamlipa muda wake, hilo analijua ila hakukwambia. Zuia matope, zuia gundi ya silikoni ya kwenye fremu kadiri inavyowezekana, na vioo vyenye utando wa metali au vya rangi viwe na kontena lao. Mambo ya kutengeneza kioo bapa kutoka kioo bapa kilichobomolewa si ndoto: mwezi Mei 2022 kiwanda cha Saint-Gobain cha Aniche, kaskazini mwa Ufaransa, kilitengeneza kioo bapa kwa vipande asilimia mia moja, kwa takriban wiki moja. Kazi yenyewe ilitegemea vipande visafi, na vipande visafi vinaanza na mtu aliyetoa dirisha zima.

Kama mnunuzi hayupo, dirisha zima bado linaweza kuuzwa kama dirisha. Mimi ningeanzia hapo hata kama mnunuzi wa vipande angekuwepo.

SWALI: Paneli za umeme wa jua ni kioo cha kuhesabiwa, au ni kidogo mno? (Fundi umeme)

JIBU: Ni cha kuhesabiwa, tena mstari wake wenyewe. Kioo ni karibu robo tatu ya uzito wa paneli ya kawaida. Unene uliozoeleka ni milimita 3.2, yaani kilo 8 kwa mita ya mraba, na zile za vioo viwili vya milimita 2 zinafika kilo 10. Paneli ya mita 2 za mraba ina kilo 16 hadi 20, zaidi ya nusu ya vioo vya gari dogo. Zinaishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo zinazofungwa kwa wingi leo hazitaonekana jalalani kwa muda mrefu, kisha zitatoka kwa mkupuo. Usizijumlishe kwenye malighafi ya chupa, maana kioo chake kimegandishwa na plastiki juu ya seli, na baadhi kina antimoni, kemikali ambayo watengenezaji wa kioo bapa hawaitaki kwenye bwawa lao la bati lililoyeyuka, lile ambalo kioo huelea juu yake kikitengenezwa.

SWALI: Huku hakuna kiwanda cha kioo. Tunasaga chupa na kuzitumia badala ya mchanga kwenye zege. Je, nako ni kurejeleza? (Mfyatua matofali)

JIBU: Iite matumizi, na ni afadhali kuliko shimo. Mimi kwenye hesabu naiweka safu tofauti, kwa sababu kioo kikishaingia kwenye zege hakirudi kuwa chupa. Pale ambapo tanuri halifikiki, fanya, sitakuzuia.

Ila angalia saizi ya punje. Kioo ni silika isiyo na mpangilio, na alkali ya saruji huishambulia polepole: inatokea ute unaofyonza maji, unavimba, na zege linapasuka nyufa zilizotapakaa kama mistari ya ramani baada ya miaka, wakati wewe ulishalipwa na kuondoka. Punje kubwa za kioo kwenye zege linalolowa ndizo zenye hatari hiyo. Ukisaga hadi unga laini, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, mambo yanageuka, unga wenyewe unashirikiana na saruji na kusaidia kukaza. Kama huna kinu cha kufikia ulaini huo, peleka punje zako chini ya matofali ya njia na kwenye mifereji ya kupitishia maji, mahali ambapo hakuna saruji ya kuzichokoza. Na vaa barakoa wakati wa kusaga, wewe na vijana wako, maana vumbi lile ni kali kwa mapafu na macho. Mwagia maji kidogo kwenye kinu kabla hujakiwasha.